Kungwi wa Luanshya na Tovuti Iliyokataliwa

Bana Katongo alikuwa anasonga nshima, ugali wa mchana, simu yake ilipolia juu ya kabati. Jibu la duka moja la mtandaoni alikuwa akilisubiri kwa hamu, kwa hiyo hakungoja nshima iive. Alipangusa mikono kwenye chitenge alichojifunga, akavaa miwani, akasoma mwiko ukiwa umesimama wenyewe katikati ya sufuria.

Barua ilikuwa fupi. Ilimshukuru kwa kuomba kuwa mpigadebe wa duka, ikasema tovuti yake imekaguliwa, kisha ikamaliza hivi: duka halipokei wapigadebe wenye tovuti za ngono, na uamuzi huo ni wa mwisho.

Alirudia kusoma neno moja moja, kama mtu anayetafuta kosa la tahajia litakalomwokoa. Kosa hakuliona. Nshima ikaanza kunuka kuungua.

"Bashi Katongo!" aliita. "Njoo uone nilivyotukanwa ndani ya nyumba yangu."

Mumewe, aliyekuwa barazani akitengeneza kiti, aliingia na nyundo mkononi. Mgodi ulikuwa umemwachia sikio moja tu la kusikia, lakini macho yake yalikuwa mazima. Aliisoma barua kwa kuinyoosha mbali na uso, akaanza kucheka, akacheka hadi akalazimika kukaa.

"Tovuti ya ngono! Mke wangu! Na mimi nalala humu humu ndani siku zote, mbona sijaambiwa?"

"Cheka tu. Leo mchana utakula hicho kicheko, nshima imeungua."

"Basi nitakula na ukoko wake. Lakini wewe, Bana Katongo, utawaandikia lini? Maana najua utawaandikia."

"Sasa hivi," alisema, akavuta kiti.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kasuba, ila tangu apate mtoto wake wa kwanza, Katongo, mtaa mzima wa Roan ulimwita kwa jina la mwanawe, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kulisahau lile la zamani. Alikuwa kungwi. Wasichana wengi wa Luanshya waliolewa wakiwa wamepitia mikononi mwake, chini ya shuka jeupe, huku ngoma ikilia na wanawake wakiimba nyimbo zenye mafumbo. Aliwafundisha kupokea wakwe na kugombana na mume bila kuwaamsha majirani. Aliwafundisha namna ya kukaa kwenye msiba wa upande wa pili, namna ya kuficha njaa mgeni anapofika na sufuria ni tupu. Na ndiyo, aliwafundisha mambo ya kitandani. Watu wasioijua kazi hiyo hudhani kitanda ndicho mafunzo yote. Kwake kilikuwa chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba vingi.

Tovuti ilianza mwaka ule wa maradhi ya korona, shughuli zote zilipopigwa marufuku. Msichana mmoja wa Solwezi aliolewa bila kufundwa hata neno moja, shangazi yake akapiga simu akilia, na Bana Katongo akamfundisha yule mtoto kwa simu hadi sikio likawaka moto. Alikwenda kusimulia dukani kwa Inonge, mwanamke wa Kilozi aliyekuwa na duka la kuchapisha na kutoa kopi karibu na posta.

"Mama, utapiga simu ngapi?" Inonge alimwambia. "Andika mara moja, wasome wote."

Inonge akamtengenezea tovuti, wakaiita Nabwinga, yaani bibi harusi. Bana Katongo aliandika kama anavyosema, Kiingereza na Kibemba vikiwa vimechanganyika, na wasomaji wakaja kutoka Kasama, kutoka Johannesburg, hata wanawake wa Kizambia walioko Leeds wakampelekea salamu. Karibu wote waliuliza kitu kile kile. Bana Katongo, sufuria gani haishiki ukoko? Shuka za aina gani hazichuji rangi? Alikuwa anawajibu bure, huku duka la mtandaoni la Ing'anda, la kule Lusaka, likiuza vitu hivyo hivyo. Inonge ndiye aliyemweleza kwamba duka lile linatafuta wapigadebe. Wanakupa kiungo chako, unakiweka kwenye tovuti, mwanamke akikibonyeza na kununua, unapata kamisheni.

Bana Katongo alikuwa na jambo lake moyoni. Alitaka kurekodi mafunzo kwa sauti, ngoma na nyimbo zake, kwa ajili ya wanawake wasiojua kusoma. Kamisheni ingemfikisha huko. Na sasa barua hii.

Aliwaandikia siku ile ile, kwa heshima, kwamba wamekosea nyumba. Jibu lilirudi kabla hajavua miwani. Maneno yalikuwa yale yale, hadi nukta.

"Hiyo ni mashine, Mama," Inonge alimwambia alipompelekea simu. "Inasoma tovuti yenyewe, inakataa yenyewe."

"Basi nitamtafuta mtu. Lazima kuna mtu aliyeiwasha."

Kabla hajampata mtu huyo, aliupata ukweli, na aliupatia mahali pabaya. Ilikuwa Jumamosi, kwenye kicheni pati ya binti wa muuguzi mmoja, yeye akiwa ndiye kungwi mkuu. Bibi harusi alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimeinama, wakwe wamefika, vyakula vimepangwa. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alionja chikanda, kitoweo cha mizizi ya porini na karanga, akaipenda, akauliza mapishi yake.

"Yako kwenye tovuti yangu," alisema Bana Katongo kwa fahari. "Fungua hapo, Nabwinga."

Shangazi akafungua. Akainua simu juu ili wote waone. Kando ya mapishi ya chikanda alikuwa amesimama mwanamke wa Kizungu asiye na hata uzi mwilini, anakonyeza jicho, na maandishi yanasema wanawake wa mji wako wanakusubiri.

"Bana Katongo," alisema shangazi, "na huyu naye ni bibi harusi wako? Huyu ulimfunda lini?"

Kuna waliocheka na kuna walioficha uso. Ngoma ikasita. Mama wa bwana harusi alivuta chitenge chake kama aliyemwagiwa maji. Na pale ukutani, kwenye kigoda cha heshima, NaMpundu, mama wa mapacha, kungwi mzee aliyemfunda Bana Katongo mwenyewe, alisema kwa sauti ndogo iliyosikika kote:

"Nilikwambia, Kasuba. Nilikwambia mambo ya ndani usiyaanike kwenye kamba."

Picha ile Bana Katongo hakuwahi kuiona. Yeye huingia kwenye tovuti yake kwa mlango wa jikoni, pale pa kuandikia tu, hajawahi kupita ukumbini kama mgeni. Alitamani ardhi immeze, lakini bibi harusi alikuwa bado mkekani, hajainua kichwa, na mabega yalianza kumtetemeka.

"Aibu hii ni yangu, na nitaibeba mwenyewe," aliwaambia. "Mtoto huyu haimhusu. Hajamaliza kufundwa. Nipigieni ngoma."

Hakuna aliyeigusa. Akaichukua mwenyewe, akaiweka katikati ya magoti, akapiga na kuimba peke yake, hadi mwanamke mmoja wa nyuma akamwitikia, kisha mwingine. Shughuli ilikwisha kama inavyotakiwa. Aliporudi nyumbani hakula.

Jumatatu alifika dukani kwa Inonge kabla mlango haujafunguliwa.

"Mama, nilikueleza kwamba kuna matangazo," Inonge alijitetea.

"Ulisema matangazo. Mimi nikafikiri sabuni!"

"Watu wa sabuni hawaitaki tovuti ndogo. Kampuni hii inachukua yeyote. Inaweka picha inazotaka, mimi sizichagui. Ndiyo inayolipia tovuti tangu mwanzo, Mama. Ulifikiri inalipiwa na nani?"

Bana Katongo hakuwahi kuuliza. Tovuti ilikuwa imesimama, naye akadhani imesimama yenyewe.

"Zitoe."

"Tukizitoa hakuna cha kulipia."

"Zitoe, Inonge. Kulipa tutajua."

Asubuhi zilizofuata alirudia kazi aliyokuwa ameiacha, akawa anakaanga vitumbuwa na kuviuza kwenye geti la shule. Waliomjua kama kungwi walishangaa kumwona na beseni. Wengine walinunua kwa huruma, na wengine kwa umbea, waulize habari za yule Mzungu aliye uchi. Aliwafungia vitumbuwa vyao akawaambia amekwenda kwao, amepata nguo.

Tovuti ikawa safi. Aliomba tena kwa duka la Ing'anda. Mashine ikamkataa tena.

"Sasa ni maneno," alisema Inonge, akimwonyesha kwenye kompyuta. "Mafunzo ya kitandani. Mashine haijui kungwi wala malaya, inahesabu maneno tu. Futa kurasa hizi, utapita."

Walianza kuzipitia. Nyingine zilikuwa za mzaha na angeziacha ziende bila kuzililia. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja kuhusu mwanamke anayeumia kitandani. Aliuandika kwa sababu ya yule yule msichana wa Solwezi, ambaye tangu harusi alikuwa akiuma mto kila usiku, akidhani ndivyo ndoa zote zilivyo. Bana Katongo alimpeleka hospitali kwa maneno tu, kwa simu, na huko wakamkuta na ugonjwa unaotibika. Baada ya kuuandika ukurasa ule, wanawake wasiomjua waliandika kwamba nao walidhani hivyo hivyo.

"Huu hautoki," alisema.

"Mama, ndio wenye maneno mengi kuliko zote."

"Nimesema hautoki. Hata wakinipa duka zima."

Jioni hiyo alikwenda kwa NaMpundu, kwa kuwa hakuwa ameonana naye tangu siku ya aibu. Bibi alikuwa anachambua dagaa wa kapenta kwenye ungo, akamwonyesha mahali pa kukaa kwa kidevu.

"Umekuja nikusamehe au nikusaidie?"

"Nimekuja uniambie kama nimekosa, Mama. Picha najua nilikosa. Mafunzo je?"

"Sisi tulifundisha mlango ukiwa umefungwa, Kasuba. Mtoto akitoka humo, ametoka nayo kifuani. Wewe umeyaweka barabarani, hata mwanamume anasoma akiwa baa."

"Na asiye na mlango wa kugonga? Aliye Leeds, aliye Solwezi, shangazi zake wote wamekufa? Huyo aumie tu?"

NaMpundu alitupa kichwa cha kapenta kwa paka.

"Wale wa duka wako Lusaka?"

"Ndiyo."

"Basi nenda kwa miguu yako, acha kubishana na mashine. Na uvae chitenge kizuri. Usiwaendee watu wa Lusaka kama uliyefiwa."

Alikwenda na basi la alfajiri, amevaa chitenge cha bluu chenye maua ya dhahabu na kilemba chake. Ofisi ya Ing'anda ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Dada wa mapokezi alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Una miadi, Mama?"

"Miadi sina. Kiti mnacho?"

Kiti walikuwa nacho. Alikaa. Walikunywa chai yao, akakaa. Waliagiza chakula cha mchana, yeye akafungua mkebe wake wa viazi vitamu na karanga za kusaga, akala taratibu, akamkaribisha na dada wa mapokezi, aliyekataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili. Hatimaye akatoka mwanamke wa makamo kidogo aliyevaa suti, akajitambulisha kuwa Lombe Sinkala, msimamizi wa wapigadebe, akamwongoza hadi mezani kwake.

"Mama, nimeangalia faili lako. Tovuti yako ina mambo ya kikubwa, na sheria yetu—"

"Mwanangu, nyie hapa mnauza nini?"

"Vitu vya nyumbani. Sufuria, mapazia, vitanda..."

"Vitanda vya kufanyia nini?"

"Vya kulalia, Mama."

"Haya. Wateja wenu wote ni watu wa usingizi tu. Sasa watoto wa Lusaka wanatoka wapi?"

Kijana wa meza ya pili aliinamia kompyuta yake, mabega yakimcheza. Lombe naye alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akajikaza.

"Mama, ngoja nikueleze. Mwaka jana mpigadebe mmoja alitudanganya. Alituonyesha tovuti ya mapishi, kumbe viungo vyetu alivipeleka kwenye picha chafu. Wateja waliona jina letu huko. Benki inayotupokelea malipo ikasema itatukata. Kuna watu hapa walirudishwa nyumbani kwa ajili ya yule mtu mmoja. Ndiyo maana sheria iko kali. Nikikufungulia wewe kwa sababu wewe ni mwema, kesho watakuja wengine, nao watasema wanafundisha."

Bana Katongo alikuwa amejiandaa kwa dharau. Sababu ya haki hakuitegemea. Alikumbuka yule mwanamke uchi kando ya chikanda, na mabega ya bibi harusi.

"Hapo nakuelewa," alisema. "Hata mimi ningefunga mlango. Lakini soma ukurasa mmoja tu, kwa macho yako, si kwa macho ya mashine."

Akaufungua ule wa mwanamke anayeumia. Lombe alisoma, akateremka hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena sehemu fulani katikati. Alipoirudisha simu aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

"Huu usiufute, Mama," alisema. "Hata kwa ajili yetu usiufute."

"Basi nipokeeni."

"Siwezi. Sheria sikuiandika peke yangu, na siwezi kuivunja peke yangu."

Bana Katongo alitazama mikono yake. Angeweza kunyanyuka na kwenda zake akiwa amesifiwa, lakini si sifa zilizomtoa Luanshya.

"Niambie. Sheria yenu inanikataa mimi, au inaikataa tovuti?"

"Tovuti."

"Nikiwa na nyingine? Ya jikoni, ya wakwe, ya mapazia, isiyo na kitanda ila cha kuuza?"

Lombe alifikiri. "Tutaikagua kama nyingine yoyote. Lakini isiwe na kiungo cha kwenda kule. Hata kimoja. Tukikiona, tunakutoa na hurudi."

"Na jina langu? Mimi ni Bana Katongo huku na huku."

Lombe akaenda kumuuliza mkubwa wake. Alirudi akitabasamu. "Jina ni la kwako, Mama. Hakuna anayeweza kukukataza kuitwa jina lako."

Kazi ya kuhamisha ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Zipo siku alijiuliza kama kugawa tovuti kuwa mbili si kukiri kwamba moja ni ya aibu. Lakini kila alipofika hapo aliona chumba cha mafunzo. Huko nako kuna nyimbo zinazoimbwa uani, wanaume na watoto wakisikia, na kuna zinazoimbwa baada ya mlango kufungwa, na hakuna aliyewahi kusema zile za ndani ni chafu. Kila kitu na mahali pake. Akaendelea. Bashi Katongo akawa mwonjaji wa kila mapishi, na siku ya ifisashi, mboga za majani kwa karanga, alidai iandikwe mara tatu ili apikiwe mara tatu.

Wakaiita Jikoni kwa Bana Katongo, wakaomba. Mashine ikakataa.

Safari hii Bana Katongo hakusubiri Inonge amweleze. Alimpigia Lombe moja kwa moja, na Lombe alipoangalia akacheka hadi simu ikakwaruza.

"Mama, ni kidari cha kuku! Kwa Kiingereza umekiandika kwa neno la kifua cha mwanamke, tena umesema kikandwe kwa mafuta!"

"Sasa kuku nimvalishe sidiria?"

"Hapana, Mama, hapana. Nitaipitia mwenyewe."

Aliipitia mwenyewe, akaipokea. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kasama aliyenunua mapazia. Kamisheni yake haikutosha hata mafuta ya kukaangia, na Bana Katongo hakuacha vitumbuwa vyake mwaka huo. Wasomaji wengine hawakuipenda tovuti ya jikoni, wakasema imepooza, wanataka kuchekeshwa. Mama mmoja wa kanisani hakumsalimia tena kamwe. Ila wanawake wa sufuria na shuka waliongezeka mwezi hadi mwezi, mpaka ikafika wakati jikoni ikawa inailipia Nabwinga yote, nayo ikakaa safi, bila tangazo hata moja.

Siku ya kurekodi ilipofika, Inonge alileta kinasa sauti, wakatundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha kulala ili sauti isirudi. Bashi Katongo akapewa kazi ya kukaa nje kuwafukuza kuku wa jirani. NaMpundu alikuja bila kuitwa, akiwa na ngoma yake mwenyewe kwapani, na sharti moja: jina lake lisitajwe popote. Akapewa kigoda. Bana Katongo akakohoa, akaanza wimbo wa kwanza, ule wa mwanamke anayemwambia mumewe ukweli bila kumvunja. Hakufika ubeti wa pili.

"Hapo umekosea," alisema NaMpundu, akiweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. "Wanaotusikiliza hawana mwingine wa kuwasahihisha. Anza tena."

Akaanza tena.